Ndoo Moja ya Maji

Huko Kabete, magharibi ya Nairobi, pana maabara ya utafiti wa kilimo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wake, wa taasisi iliyoitwa KARI wakati huo, waliwafundisha wakulima wadogo kutumia ndoo ya lita 20, iliyotundikwa kiasi cha mita 1 juu ya ardhi, na mipira yenye matundu. Maji hudondoka shinani mwa mche, wala hayapotei njiani kama yapoteavyo mferejini. Kwa mama achotaye maji mbali, faida hiyo si ndogo. Lakini maji yasipochujwa matundu huziba. Na wakulima kadhaa waliziacha ndoo zao kwa kukosa vipuri na msaada. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba nacho chataka mtunzaji.