Probiotiki

Probiotiki (pia: bakteria rafiki) ni vijidudu hai ambavyo, vikiliwa kwa kiasi cha kutosha, huleta faida kwa afya ya mtu. Maana hiyo ilitolewa mwaka 2001 na wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO). Nyingi ni bakteria wa jenasi Lactobacillus na Bifidobacterium, lakini hamira ya Saccharomyces boulardii imo pia.

Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20 Élie Metchnikoff, mwanabiolojia kutoka Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alidai kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa mgando. Nchini Japani, Minoru Shirota alikuza bakteria wa utumbo mwaka 1930, na kinywaji chake cha Yakult kilianza kuuzwa mwaka 1935.

Katika vyakula

Mtindi (Kenya: maziwa lala) na togwa ya Tanzania hupata uchachu wake kutoka kwa bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huzuia vijidudu vingi vinavyoharibu chakula.

Hata hivyo, si kila chakula kilichochachushwa ni probiotiki. Bakteria wanapaswa kuwa hai na wengi wakati wa kuliwa, na faida yao iwe imethibitishwa kwa utafiti. Mtindi ukichemshwa, bakteria hao hufa.

Mjini Mwanza, Tanzania, mradi wa mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1 ulianzishwa mwaka 2004 na kikundi cha wanawake pamoja na watafiti wa Tanzania na Kanada.

Faida

Bakteria wa mtindi huwasaidia watu wasioweza kumeng'enya vizuri laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa kuwa wana kimeng'enya kinachoivunja. Probiotiki kadhaa hupunguza hatari ya kuhara kunakosababishwa na matumizi ya antibiotiki.

Faida ya aina moja ya bakteria haimaanishi kwamba nyingine inayo pia, hata zikiwa za spishi moja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 nchini Marekani ulionyesha kwamba watoto wenye kuhara kwa ghafla waliopewa Lactobacillus rhamnosus GG hawakupona vizuri kuliko waliopewa dawa bandia.

Tahadhari

Kwa watu wengi wenye afya njema probiotiki ni salama; baadhi hupata gesi tumboni kwa siku chache. Wagonjwa mahututi, wenye kinga dhaifu sana na watoto njiti wanaweza kupata maambukizi ya damu, hivyo wapewe kwa ushauri wa daktari tu.

Mtoto anayehara huokolewa kwanza kwa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Mtindi hauchukui nafasi yake.