Jina Limefutwa CRB, Deni Je?

Pengine wewe au jamaa yako mliwahi kukopa kwa simu, biashara ya omena ikaanguka, mkashindwa kulipa. Miaka ikapita. Siku moja ukaambiwa jina lako halipo tena CRB, ukasema alhamdulillah, yamekwisha. Je, ni kweli yamekwisha? Hebu tuitazame historia.

Huku kwetu swali hili si geni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikawa zinabeba bidhaa hadi Kendu Bay na Homa Bay. Maduka ya Wahindi yakafunguliwa, na kukopa dukani kukawa jambo la kawaida. Lakini katika miaka ya 1940 sheria ya kikoloni iliweka mpaka: deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika likizidi shilingi 200, halidaiwi mahakamani ila mkataba uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Walioumia ni Waafrika wenye maduka madogo, maana ni nani angewakopesha? Lakini tazama jambo hili: mlango wa mahakama ulifungwa, na aliyechukua mali bado alijua kwamba amechukua.

Njoo sasa zama zetu. M-Shwari ilianza mwaka 2012, na kutoka Migori hadi Mbita watu wakakopa kwa simu. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliagiza wenye madeni chini ya shilingi 1,000 watolewe kwenye orodha mbaya ya CRB. Majina yalitoka, lakini madeni hayakusamehewa. Novemba 2022 ukaja mpango mwingine: mabenki yapunguze angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, na mkopaji alipe iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Hapo kweli kulikuwa na msamaha, lakini wa sehemu tu.

Sheria nayo ina muda wake. Kwa deni la mkataba, mdai ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Ukilipa kidogo, au ukikiri deni kwa maandishi, hesabu inaanza upya. Hukumu ikishatolewa, muda ni miaka 12. Yajue haya kabla hujajibu simu ya vitisho. Mwambie anayekudai akuonyeshe ushahidi, na ukilipa, chukua risiti.

Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna miaka 6. Zubayr bin Awwam (RA) aliuawa mwaka 36 Hijria akiwa na deni la 2,200,000. Alikuwa amemuusia mwanawe Abdullah alilipe. Abdullah aliuza ardhi, akalipa. Ndugu zake wakataka urithi ugawanywe. Akakataa. Kwa miaka 4, kila msimu wa Hija, alitangaza: anayemdai Zubayr na aje tumlipe. Hakuna CRB iliyomlazimisha. Alimtafuta mdai mwenyewe!

Basi kijana mwenzangu, Ramadhani hii chukua karatasi. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini. Mwenye duka kule Awendo uliyemkimbia, muanze yeye, maana huyo hana CRB wala wakili. Huna zote? Mwombe muda, lipa pole pole. Habari ya riba waulize masheikh, lakini ile pesa uliyoipokea mkononi ni haki ya mwenyewe. Ile karatasi waonyeshe watu wa nyumbani, wasije wakagawana urithi wako deni likiwa limelala chini yake.

Nawe unayedai, Qur'ani imekuagiza umpe muda aliye na dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Na wazazi wetu wenye kutoa Zaka, kumbukeni kuwa waliolemewa na madeni ni miongoni mwa wale 8 wanaostahili kupewa. Jirani yako huenda ni mmoja wao, na anaona haya kusema.

Allah atutoe duniani tukiwa hatudaiwi. Amin.