Mauzo ya Volt na Hukumu ya Bei

Mwaka 2012 General Motors iliuza Marekani magari 23,461 ya Chevrolet Volt, gari la haibridi linalochajiwa usiku kwenye soketi ya nyumbani, likatembea kilomita zipatazo 60 kwa umeme kabla injini ya petroli haijashika zamu. Wakosoaji walisema limefeli, kwa kuwa kampuni ilikuwa imelenga 45,000, na kiwanda cha Detroit kilisimamishwa kwa wiki kadhaa ili magari yaliyorundikana yapate wateja. Watetezi wakaja na hesabu nyingine: Mercedes-Benz S-Class na BMW 7 Series, magari ya matajiri, hayakufikisha 12,000 kila moja katika soko hilohilo mwaka uleule. Kama hayo hayaitwi magari yaliyofeli, kwa nini Volt lihukumiwe?

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inathibitisha kinyume cha walichokusudia. S-Class lilianzia zaidi ya dola 90,000. Bei ya namna hiyo hufidia uchache wa wateja, na Mercedes haikuahidi kulifikisha kwa kila mtu. Volt lilitangazwa kama gari la watu wa kawaida, kisha Desemba 2010 likaingia sokoni kwa dola 41,000 kabla ya nafuu ya kodi ya dola 7,500. Kwa fedha hizo mteja alipata nembo ya Chevrolet na viti vinne tu, maana betri ya karibu kilo 200, yenye umbo la herufi T, ilipita katikati ya sakafu ikachukua nafasi ya abiria wa tano. Kulipanga safu moja na magari ya kifahari ni kukiri kwamba lilikuwa limepotea njia.

Itasemwa kwamba bei haikuwa tatizo, kwa kuwa Volt la mwaka 2014 lilipunguzwa dola 5,000 na bado mauzo ya mwaka huo yakashuka hadi 18,805. Lakini hata baada ya punguzo lilibaki karibu dola 35,000, wakati Chevrolet Cruze la petroli, lililokaa nalo chumba kimoja cha maonyesho, lilianzia chini ya 20,000. Mnunuzi alipima pengo hilo, si punguzo.

China inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Kampuni ya BYD ilitangulia na haibridi ya kuchaji, F3DM, Desemba 2008, kwa yuani zipatazo 150,000, zaidi ya mara mbili ya F3 la petroli. Wanunuzi wakawa haba. Februari 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa Qin Plus DM-i kwa yuani 79,800, bei ya kushindana na magari ya petroli ya daraja lake. Mwaka huo haibridi zake za kuchaji ziliuzwa karibu milioni 2.5, zikaipita chapa ya BMW, iliyouza magari milioni 2.2 ya kila aina duniani kote. Wapo watakaosema ni ruzuku za serikali. Zilisaidia, ila Volt nalo lilibebwa na serikali yake, na F3DM halikuokolewa na ruzuku za China. Kwa hiyo anayetaka kupima mafanikio ya magari haya aanze na bei ya gari la petroli ambalo mteja yuleyule angelinunua. Kuyapita magari ya matajiri ni ushindi pale tu pengo hilo linapokuwa limezibwa.