Kwa nini gari otomatike haliwaki kwa kusukumwa: historia ya bwate na mafuta yake

Hapa kwetu Kivu magari mengi ya teksi na ya familia ni ya usukani wa kuume. Yalitumika kwanza Japani, yakashushwa Mombasa ao Dar es Salaam, kisha yakapanda mpaka huku. Mengi ni otomatike. Wakati wa kukimbia vita, gari kama hilo hubeba watoto, wazee na magodoro. Likikataa kutembea njiani, watu hufanya moja ya mambo mawili: wanalisukuma ili liwake, ao wanalifunga kamba nyuma ya lori. La kwanza halisaidii kitu. La pili linaweza kuua bwate iliyokuwa nzima. Sababu yake iko katika historia ya bwate yenyewe.

Mwaka wa 1905, mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger aliandikisha uvumbuzi wake wa kupitisha nguvu kwa njia ya majimaji. Alikuwa anafikiria meli, si magari. Chukua feni mbili zinazotazamana ndani ya chombo kilichojaa mafuta. Ya kwanza ikizunguka, mafuta yanasukuma ya pili nayo izunguke, bila chuma kugusa chuma. Mpaka leo, kati ya motere na bwate otomatike za kawaida, ni mafuta yanayoshika nafasi ya ambrayaji.

Mwaka wa 1939, kampuni General Motors ya Marekani ilitangaza bwate yake, Hydra-Matic, ikaiweka katika Oldsmobile za mwaka wa 1940. Ilikuwa na vitesi 4 na hakuna pedali ya ambrayaji. Ndiyo bwate otomatike kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Kisha vita vikaipeleka vitani: kifaru chepesi cha Marekani, M5, kilikuwa na motere 2 za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Japani nayo ikafuata: mwaka wa 1959 Toyota ilitoa Toyoglide, yenye vitesi 2.

Katika bwate hizo, kazi ya mguu na mkono wa dereva inafanywa na presha ya mafuta. Presha inatoka kwenye pampu, na pampu inazungushwa na motere. Bwate nyingi za zamani zilikuwa pia na pampu ya pili, nyuma, iliyozungushwa na magurudumu. Kwa hiyo gari la wakati ule liliweza kuwashwa kwa kusukumwa. Katika miaka ya 1960 watengenezaji waliiondoa pampu hiyo ya nyuma. Tangu hapo motere ikizima hakuna presha, na bila presha magurudumu hayawezi kuzungusha motere.

Ndiyo sababu kuvuta gari otomatike kwa kamba ni hatari. Magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani, lakini pampu imelala na mafuta hayapandi kuvilainisha. Kulisogeza polepole kando ya barabara, mkono wa vitesi ukiwa kwenye N, si neno. Kwa safari, magurudumu yanayovuta gari yainuliwe juu. Lile linalovuta kwa magurudumu yote 4 lipakiwe lote juu ya lori.

Mafuta nayo yana historia yake. Mwaka wa 1949 General Motors ilitoa mafuta ya kwanza maalumu kwa bwate hizi, yaliyoitwa Type A. Kwa miaka mingi mafuta ya namna hiyo yalichanganywa na mafuta ya nyangumi, mpaka Marekani ilipoyakataza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kulinda wanyama hao. Baadaye kila kampuni ilitafuta mchanganyiko wake. Leo bwate ya mkanda, ambayo DAF ya Uholanzi iliionyesha mwaka wa 1958 na ambayo sasa iko katika magari mengi madogo ya Japani, inahitaji mafuta tofauti kabisa. Ukiyatia yasiyo yake kwa sababu ya bei, mkanda unateleza na kuharibika.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na mafuta. Kwa magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia, simama mahali tambarare, bwate iwe ya moto, motere inawaka, mkono uko kwenye P. Mafuta mekundu yasiyo na harufu ni dalili nzuri. Yakiwa ya kahawia na kunuka moto, sahani za ndani zimeungua. Yakifanana na maziwa, maji ya radiata yameingia. Yakiwa pungufu, gari huchelewa kuondoka ukiweka D, ao motere inalia bila mwendo kuongezeka. Hapo tafuteni kwanza yanapovuja. Katika barabara zetu za mawe ya volkano, karai la chini hugongwa mara nyingi.

Tangu miaka ya 1980 kompyuta imeingia katika bwate, na fundi mwenye mashine ya kusoma anaweza kuona alama kama P0700. Alama hiyo inasema tu kwamba kompyuta ya bwate imeandika kosa. Haisemi ni pyesi gani imekufa. Waya uliokatika ao vali moja ndogo ya umeme inaweza kuileta.

Familia iliyoacha shamba ikabaki na teksi moja haina pesa ya kukosea mara mbili. Kabla ya kukubali bwate ishushwe, muulize fundi: mafuta yana rangi gani? Ndani ya karai kuna nini? Unga mwembamba kwenye sumaku ni wa kawaida, vipande vya chuma ndivyo vibaya. Na alama iliyosomwa imefuatwa mpaka wapi? Nawe umwambie ukweli kama gari lilivutwa kwa kamba.