Kalamu nyekundu ya Daktari Beck

Nimepotea wiki mbili, mnisamehe. Presentesheni ya saikolojia ilinibana, na humu chumbani rumeti wangu alikuwa haendi vipindi. Kapata sapu moja, kajifunika shuka. (Kaniruhusu kuandika, ila jina sitaji.)

Nikamwambia: masomo sita umepita, moja tu limekukwamisha, sasa hapo umefeli nini? Akageukia ukutani. Kumbe programu fulani ya kwenye simu ilishamuuliza hivyo hivyo: andika wazo baya, andika ushahidi, lisahihishe. Aliiacha njiani.

Jamani, mambo haya yana historia. Miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliona wagonjwa wake wa sonona wanapitiwa na mawazo yanayojileta yenyewe: mimi sifai, dunia mbaya, kesho hakuna kitu. Akawafundisha kuyakamata na kuyapima kwa ushahidi. Albert Ellis alishaanza njia inayofanana na hiyo mwaka 1955. Kwa kuwa tiba hii ina hatua, mazoezi na homuweki, kuiingiza kwenye kompyuta haikuwa shida. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walifungua MoodGYM, mtu akawa anajifunzia kwenye intaneti peke yake.

Upande wa pili, mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia Marekani, alisema fani imezama kwenye ugonjwa, imesahau kinachomfanya mtu asimame. Mwaka 2012 Christine Padesky na Kathleen Mooney wakaandika hatua nne: tafuta nguvu alizonazo mtu, jenga naye picha ya ustahimilivu wake mwenyewe, aitumie kwenye tatizo, aifanyie mazoezi. Na nguvu hizo huzitafuti palipo na kidonda. Unazitafuta kwenye jambo analolipenda na kulifanya mara kwa mara, maana hata huko vikwazo vipo, na anavivuka bila kujiona shujaa.

Hawa hawakumtupa Beck, wamejenga juu yake. Tofauti ni pa kuanzia. Na mtandaoni naona tofauti inakuwa kubwa zaidi: jedwali la mawazo mabaya ni lile lile kwa kila mtu, lakini nguvu za mtu zinataka aulizwe tena na tena, "ulipokwama ulifanyaje?"

Nikajiona mwenyewe hapo. Mwalimu mtarajiwa, kalamu nyekundu mkononi, nasahihisha hadi huzuni ya mwenzangu!

Jumamosi rumeti aliamka kumsuka dada wa chumba cha jirani. Hiyo haikosi, hata awe na hali gani. Nikamuuliza, mistari ikienda kombo je? Akasema, "Nafumua pale palipoharibika tu, siyo kichwa kizima." Akanyamaza. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi.

Msinielewe vibaya, mimi siyo daktari. Jumatatu nilimsindikiza kwa mshauri nasaha wa chuo, na anaendelea kwenda. Vipindi anaingia, siyo vyote. Sapu bado inamsubiri.

Haya, nakimbilia foleni ya chakula. Na wewe, rumeti wako unamjua anachokiweza?