Kichwa ndani ya koili

Leo naweka programu kando. Jirani aliniuliza, eti kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta, kama nyaya za umeme zilizo karibu na ploti yetu zitawaletea watoto saratani.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1896 Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alieleza kwamba ukiingiza kichwa ndani ya koili kubwa yenye mkondo geu, unaona mwanga ukimetameta. Mwaka 1910 Silvanus Thompson akaligundua upya hilo kule London. Hakuna uchawi: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme kidogo mwilini, nao huchokoza seli za retina. Basi kikomo cha ICNIRP cha mwaka 2010, mikrotesla 200 kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, kimejengwa juu ya mwanga huo huo, si saratani!

Saratani iliingia mwaka 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walipoona kule Denver kwamba watoto waliokufa nayo walikuwa wameishi zaidi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa. Mwaka 2002 IARC ikasema uga huu "huenda" unasababisha saratani. Shaka ni leukemia ya watoto, kwenye wastani wa mikrotesla 0.4 hivi. Hiyo ni mara 500 chini ya kikomo, na namna uga dhaifu hivyo ungeharibu seli haijapatikana.

Nilimwambia jirani mimi naogopa zaidi waya kukatika. Hakuridhika.