Daftari Linalomlinda Mdaiwa

Sheria ya Ubia ya India ya mwaka 1932 haimlazimishi mtu kusajili ubia. Wafanyabiashara wawili wa vitambaa mjini Surat wanaweza kuchanga mtaji na kugawana faida miaka nenda miaka rudi bila majina yao kufika kwa Msajili, na sheria hiyo haiwatozi faini kwa hilo. Adhabu inawasubiri siku watakapodhulumiwa. Mnunuzi akichukua mzigo akakataa kulipa, kifungu cha 69 kinauzuia ubia wao kumshtaki kwa haki inayotokana na mkataba. Yeye lakini yuko huru kuushtaki. Wabia wenyewe nao hawawezi kudaiana haki za mkataba wao. Wanachobakiwa nacho ni kuomba ubia uvunjwe, hesabu zifanywe na mali ikusanywe.

Watunga sheria walikuwa na sababu. Waliokuwa wakiukopesha ubia walihangaika kuthibitisha wabia ni nani, maana siku ya kulipa mtu hukana. Usajili wa lazima, kwa mfano wa Uingereza, ulionekana mkali mno, ikachaguliwa hiari yenye kikwazo. Hapo ndipo ninapopinga: ile iliyoonekana kali ndiyo yenye huruma. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1916 iliwataka wanaofanya biashara kwa jina lisilo lao walisajili. Aliyekaidi alitozwa faini na kunyimwa haki ya kudai mkataba wake mahakamani, lakini jaji aliweza kumfungulia njia kama alikuwa amepitiwa, au kama haki ilitaka hivyo. Kifungu cha 69 hakimwachii jaji nafasi hiyo. Ubia ukisajiliwa baada ya shauri kufunguliwa, shauri haliponi; linaanzwa upya, wakati madai mengi ya mkataba hukoma baada ya miaka 3. Madai madogo yamesamehewa, ila kiwango kilichoandikwa mwaka 1932 ni rupia 100.

Kuna njia nyingine pia. Fikihi ya Kiislamu ililea mudharaba, yaani mmoja kutoa mtaji na mwenzake kufanya kazi, na ushirika wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Msajili. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Wanazuoni wengi wameliona hilo kuwa himizo, si sharti la kusihi kwa deni. Asiyeandika amejidhoofishia ushahidi, lakini kadhi atamsikiliza. Huo ndio mpango ninaouona wa haki: maandishi yanasaidia kuujua ukweli, hayamzuii mtu kuusema.

Katika Afrika Mashariki, Tanganyika ilipotunga Sheria ya Mikataba mwaka 1961 ilifuata sheria ya India ya 1872, na ubia ukawekewa sura humo. Haikuchukua kifungu cha 69, na usajili wa majina ya biashara ukabaki katika sheria yake ya pekee.

Majaji wa India wenyewe wameuhisi uzito wa kifungu hicho. Mwaka 1964, katika shauri la Jagdish Chandra Gupta, Mahakama ya Juu ilikifasiri kifungu kwa upana hata ombi la kuteuliwa msuluhishi likakataliwa. Baadaye ikalegeza. Katika shauri la Raptakos Brett la 1998 ilisema haki inayotoka katika sheria nyingine, kama ya mwenye nyumba kurudishiwa jengo lake, haizuiwi. Mwaka 2000, katika shauri la Haldiram, ikasema hivyo kuhusu alama za biashara. Jimbo la Maharashtra lilikuwa limekwenda mbali zaidi mwaka 1984, likazuia hata shauri la kuvunja ubia. Mwaka 2009 mahakama iliyafuta mabadiliko hayo kwa kuwa yalikiuka Katiba: wabia wangenaswa ndani ya ubia wasioutaka, mali yao ikiwa mikononi mwa mwenzao.

Muuza vitambaa anayedai bei ya mzigo wake hakuguswa na nafuu hizo. Bunge la India lingeweza kumpa jaji mamlaka ya kulisimamisha shauri lake badala ya kulitupa, wabia wakajisajili, wakalipa faini ya kuchelewa, kisha mnunuzi akaulizwa kama alichukua mzigo au hakuchukua.